Dola thelathini kwanza, tisini baada ya mavuno

Mazungumzo na mawakala wa zana za kilimo, Tanga. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila vicheko nimeviacha ukumbini.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na vijana wangu, habari za mchana.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie mbinu za mauzo, na kwenye barua akaandika dakika arobaini. Mbinu zangu mimi zinaisha ndani ya dakika tano: nyingine nimezisahau, nyingine sitaki mzijue. Kwa hiyo nimekuja na hiki. (Nikanyanyua bonge la kamba ya mkonge.)

Kwa watu wa Tanga hiki hakihitaji maelezo. Nimekulia kambini, baba yangu akifanya kazi korona, yaani kwenye mashine ya kuchakata majani ya mkonge, na ile harufu ya maji ya mkonge ukishailala utotoni haikuachi. Siku moja nikamwuliza, baba, singa zote hizi, nyuzi zote hizi za mkonge, zinakwenda wapi? Akanijibu, Ulaya. Wanazifanyia nini? Wanafungia majani. Nikajua ananitania. Kweli mtu avushe bahari kamba iliyotoka jasho la manamba, vibarua wa mkonge, halafu aende kufungia majani?

Alikuwa anasema kweli tupu. Majani yale yalikuwa mabua ya ngano na nyasi kavu za ng'ombe. Nilipokuja kuwa wakala wa zana, miaka thelathini na ushei nikiuza matrekta, pawatila na mashine za kupura, nikaanza kuifuatilia ile kamba kinyumenyume. Ikanifikisha kwa wauzaji wa Marekani wa karne ya 19, waliokuwa wakimuuzia mkulima mashine ya kuvunia inayokokotwa na farasi. Hao ndio waliotutangulia katika kazi hii, mimi na nyinyi, na mengi tunayodhani tumeyagundua juzi wao waliyafanya kabla reli haijafika kwao vizuri.

Tuanzie shambani. Ngano ina ubaya ambao mahindi hayana. Mahindi yakikauka yanakungoja, unaweza hata kwenda msibani ukarudi. Ngano ikiiva una siku kama kumi hivi. Zikipita, punje zinapukutika, au inapigwa na mvua moja ikalala chini. Mkulima wa Virginia au Pennsylvania wa miaka ya 1820 alivuna kwa fyekeo lililofungiwa vidole virefu vya mbao vinavyodaka mabua na kuyalaza upande mmoja. Mwanamume mwenye kifua alimaliza ekari mbili kwa siku, nyuma yake wakifuata wafungaji wa miganda. Basi alilima kadiri ya mikono atakayoipata katika zile siku kumi, hata kama ardhi yake ilikuwa mara tano ya hapo. Na siku hizohizo jirani yake naye anaitafuta mikono ileile.

Mwaka 1831, katika shamba liitwalo Walnut Grove huko Virginia, kijana wa miaka ishirini na mbili, Cyrus McCormick, alitoa mashine iliyokata shayiri mbele ya majirani. Baba yake Robert alikuwa ameihangaikia kwa miaka mingi akashindwa. Baadaye mdogo wake Cyrus, Leander, alishikilia kwamba aliyevumbua hasa ni baba yao, na ugomvi huo haukuisha. Kulikuwa na mwingine pale karakanani ambaye matangazo hayakumtaja: Jo Anderson, mtumwa wa familia ile, aliyeijenga pamoja naye. Mimi nikiona picha ya mvumbuzi amesimama peke yake na mashine yake huwa natafuta nani aliyeshika upande wa pili wa ubao.

Mashine yenyewe ifikirieni hivi. Chini kuna gurudumu moja kubwa la kubeba mzigo, farasi wako mbele, kwa pembeni ili wasikanyage ngano. Gurudumu likiviringika linazungusha meno, na meno yanasukuma kisu chembamba kirefu kiende kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama msumeno uliolazwa. Vidole vya chuma vinayashika mabua yasikikimbie kisu. Kwa juu kuna kitu kama pangaboi la mbao, kinazunguka polepole kikiyainamisha mabua yaje kukatwa. Yakikatwa yanaangukia jukwaani, na mtu anayetembea kando anayavuta kwa reki, fungu moja moja, wafungaji wayakute chini. Ikiwa nzima na farasi hawana wazimu, inamaliza ekari kumi kwa siku au zaidi kidogo.

Mtu wa leo atasema, hapo si biashara imekwisha? Kitu cha kumaliza kazi ya watu watano kinajiuza. Basi sikilizeni hesabu. Mwaka 1842 McCormick aliuza mashine saba. Mwaka 1843, ishirini na tisa. Mwaka 1844, hamsini. Yaani miaka kumi na moja tangu mashine ikate, wateja saba! Ni kweli muda mwingine aliupotezea kwenye tanuri la chuma, na msukosuko wa fedha wa 1837 ukaiacha familia nzima na madeni. Lakini hata aliporudi kwenye mashine kwa nguvu zote, wakulima hawakumkimbilia.

Na mimi nawaelewa wakulima wale kuliko ninavyomwelewa McCormick. Bei ilikuwa kama dola 100, fedha nzito sana kwa mtu wa shamba. Kitu chenyewe kinafanya kazi wiki mbili kwa mwaka, miezi iliyobaki kinalala bandani na kuku. Kikivunjika jino moja la chuma siku ya tatu ya mavuno, mhunzi wa kijijini hana kalibu yake, na hapo huna mashine, huna vibarua, kwa sababu vibarua ulishawaambia mwaka huu msije. Mashine inayoharibika katikati ya mavuno ni mbaya kuliko kutokuwa na mashine.

Nawaambia hivi kwa kuwa nimeonja. Zamani niliwahi kuuza mashine ya kupura mpunga ya kampuni ambayo sitaitaja. Mteja alikuwa mzee wa makamo, alilipa taslimu. Siku ya nne akaja dukani, akaweka mezani mkanda uliokatika. Hakusema kitu. Aliuweka tu, akaunyoosha kwa viganja viwili kama mtu anayenyoosha kanga, ili nione palipokatikia. Mkanda wa pili ulichukua wiki sita kufika.

McCormick naye aliumia kwa njia hiyo. Miaka ya 1840 aliwapa watu wengine leseni watengeneze mashine yake, na baadhi wakatengeneza ovyo. Mkulima hakujua leseni wala nini, yeye aliona jina lililoandikwa ubavuni. Mwaka 1847 akaamua kuhamia kwenye mji wa matope ulioitwa Chicago na kutengeneza mwenyewe. Aliona mbali. Virginia ni vilima na mawe, ila kutoka Chicago kwenda magharibi ni tambarare moja, ngano mpaka upeo wa macho na watu wachache wa kuivuna. Mwaka uliofuata mfereji ulifunguliwa kuiunganisha Chicago na mto Illinois, na reli ya kwanza ikaanza kutoka mjini.

Mwaka huohuo wa 1848 likampata jambo ambalo mwingine angelilia. Hataza yake ya mwaka 1834, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ilikwisha muda, akaomba iongezwe, akanyimwa. Kuanzia hapo mtu yeyote mwenye karakana angeweza kutengeneza mashine ya aina ile, na wengi wakatengeneza. Tena hata hiyo hataza hakuwa wa kwanza: Obed Hussey, baharia wa zamani mwenye jicho moja, alikuwa amesajili mashine yake Desemba 1833, miezi sita kabla, na kisu cha Hussey kilikuwa bora kuliko cha McCormick. Kwa hiyo uvumbuzi ukawa wa kila mtu. Kilichobaki ni kuuza.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae.

Mkataba wa McCormick ulikuwa umechapishwa, bei moja kwa wote: dola 120. Enzi hizo kila kitu kilikuwa mapatano, mwenye maneno analipa kidogo na mpole analipa zaidi, hivyo bei iliyochapwa kwenye karatasi peke yake ilikuwa habari. Mkulima anatoa dola 30 kwanza. Dola 90 atalipa ndani ya miezi sita, yaani ngano ikishakatwa, ikapurwa, ikauzwa. Tena kwa masharti, na masharti yanambana muuzaji: mashine ikate ekari moja na nusu kwa saa, imwage punje chache kuliko lile fyekeo la vidole, iwe imeundwa vizuri, na mtu wa reki aweze kuvuta mabua bila taabu akiwa amekaa kwenye kiti chake. (Kufikia hapo walishamwekea kiti, hatembei tena.) Ikishindwa, irudishwe.

Wazee wa pwani watasema hiyo ni mali kauli, kuchukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa baadaye, mbona tunaijua. Ndiyo, ni ndugu wa mali kauli, lakini mtazameni mzigo ulipokaa. Katika mali kauli ya bara, mchukuaji bidhaa ndiye aliyebeba hatari ya safari, akirudi mikono mitupu deni linamngoja. Hapa nusu ya hatari ameibeba mwenye kiwanda. Mvua ikiwa mbaya, ngano ikashuka bei, au nzige wakipita, McCormick naye anasubiri. Na hakupenda kuwafikisha wakulima mahakamani, maana mkulima aliyeshtakiwa ana majirani arobaini. Alikuwa mtu mgumu mno, mpenda kesi kupita kiasi dhidi ya washindani wake, lakini kwa mkulima mwenye mavuno mabaya aliongeza muda.

Mimi naamini kitu hiki ndicho kilichouza. Matangazo yalikuwepo, yenye picha na barua za wakulima walioridhika, na yalisaidia. Ila mkulima alisoma kwenye ule mkataba jambo moja: huyu mtu wa Chicago anajua kwamba fedha yangu inakaa shambani hadi Agosti. Hapo akatoa zile thelathini.

Lakini msidhani Chicago ilikuwa inasubiri kwa uvumilivu tu. Alikuwepo mtu wa katikati, na mtu huyo ni sisi. Wakala wa wilaya wa enzi hizo, wakati wa baridi anazunguka kwa farasi kwenye theluji akiandikisha oda. Majira ya kuchipua anapokea makasha stesheni, vipande vimewekwa namba, anaunganisha. Mavuno yakianza anaamshwa alfajiri na mtu aliyekimbiza farasi maili kumi kwa sababu kisu kimekwama, na anatakiwa awe na kipuri stoo, na aende naye akakifunge. Kisha vuli inaingia, wakala yuleyule aliyekuwa rafiki, fundi na mwalimu anabisha hodi na hati ya deni mkononi. Kamisheni yake inategemea hiyo hodi. Kila aliyewahi kudai fedha kwa mtu aliyekula naye ugali anajua mguu unavyokuwa mzito getini.

Halafu mashindano. Hayo ndiyo yalikuwa sinema yao. Mashine mbili au tatu zinaingizwa shamba moja, watu wanajaa uani na vikapu vya chakula, anayemaliza kipande chake kwanza na kwa usafi ndiye anayeondoka na oda. Mwaka 1851 mchezo ukahamia Uingereza, kwenye maonyesho makubwa ya London. Gazeti la The Times liliitazama mashine ya McCormick likasema ni kitu kilichozaliwa na gari la sarakasi, toroli na mashine ya kuruka angani. Julai wakaipeleka Tiptree, Essex, kwenye shamba la Bwana John Mechi, mvua inanyesha na ngano bado mbichi. Ya Hussey, ikiendeshwa bila mwenyewe kuwepo, ikakwama. Ya McCormick ikakata. Dhihaka zikaisha, akapewa medali kuu.

Wengi huishia hapo, kwa sababu hapo hadithi inapendeza. Ila Septemba ileile Hussey aliwasili Uingereza mwenyewe, wakashindana Yorkshire, eneo la Cleveland, na safari hii Hussey akashinda. Ndiyo biashara ya maonyesho hiyo: shamba gani, ngano gani, na nani ameshika hatamu. Nyumbani Marekani mawakala walifika mahali pa kufunga mashine mbili kwa minyororo, mgongo kwa mgongo, farasi wakavuta pande mbili kuona ipi itakatika vipande. Mkulima anajifunza nini hapo kuhusu kuvuna ngano? Hakuna. Lakini alikuja kutazama.

Hussey, niseme hapohapo, alikufa mwaka 1860. Treni ilikuwa imesimama, mtoto mmoja behewani akawa na kiu, Hussey akashuka kumtafutia maji. Wakati wa kupanda tena treni ikaondoka, ikamkanyaga. Kila nikisoma juu ya vita vya hataza namkumbuka na kikombe kile.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipokuja, vijana wakaenda jeshini na mashambani kukabaki wanawake, wazee na mashine. Mauzo yakapanda yenyewe. Miaka ya 1870 ndipo manung'uniko yalipokuja juu. Wakulima walijiunga katika chama chao, Grange, wakaanza kuuliza kamisheni ya wakala inatoka mfukoni mwa nani. Wenzao wa Iowa wakanunua haki za mashine moja iitwayo Werner, wakajiundia wenyewe na kuiuza kwa bei ya chini sana. Ikawashinda, wakabaki na madeni. Walijua kuvuna, hawakujua kungoja fedha. Kiwanda kisicho na mtaji wa kukaa mwaka mzima bila kulipwa hakiwezi kumkopesha mkulima.

Na mtaji wa Chicago ulitoka pia kwa watu waliokuwa ndani ya kiwanda. Mei Mosi tunayoandamana kila mwaka na fulana mpya mizizi yake iko huko: mwaka 1886 wafanyakazi wa Chicago walidai siku ya kazi ya saa nane, na Mei 3 polisi wakafyatua risasi mbele ya kiwanda cha McCormick, wakaua. Cyrus mwenyewe alikuwa ameshakufa miaka miwili nyuma, kiwanda kikiwa mikononi mwa mwanawe.

Sasa turudi kwenye bonge langu.

Kukata kulishapata dawa. Kilichobaki ni kufunga miganda, kazi ya kuinama kutwa nzima nyuma ya mashine. Waliyoitoa kwanza ilifunga kwa waya. McCormick aliiuza, na ilifanya kazi vizuri sana isipokuwa kwa jambo moja, kwamba waya haiozi wala hailiki. Vipande vilibaki kwenye majani, ng'ombe wakavimeza wakafa. Vingine vikaingia kinuni pamoja na ngano, wasagishaji wakapiga kelele. Hapo akaingia William Deering, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu asiyejua hata kushika jembe. Yeye aliweka fedha yake kwenye fundo la John Appleby wa Wisconsin. Ni kidude kidogo chenye mdomo kama wa ndege: kinashika ncha mbili za kamba, kinajizungusha mara moja, kinafumbua mdomo, kinafumba, kinavuta, kisu kinakata, mganda unadondoka ukiwa na fundo. Mashine za kufunga marobota za leo, ukizifungua, bado utamkuta ndege huyo. Kwa mavuno ya 1880 Deering alipeleka sokoni mashine 3,000 za kamba. Mwaka uliofuata McCormick naye akauza za kamba, shingo upande.

Oneni muuzaji alichokipata hapo. Mashine mkulima anaweza kukaa nayo miaka kumi. Kamba anainunua kila msimu. Aliyekuuzia mashine sasa anakufuata mwaka hadi mwaka, kama wino wa zile printa mlizonazo ofisini. Wakulima waliliona hilo upesi, wakalalamikia bei za kamba mpaka jimbo la Minnesota likaanza kutengeneza kamba gerezani, Stillwater, ili kuwapa nafuu. Na nyuzi zilitoka wapi? Manila ya Ufilipino, na mkonge wa Yucatan, Mexico, ambako watu waliteseka mashambani vibaya mno.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai upande wetu huu, Kikogwe karibu na Pangani, ni 62. Mengine mnayaishi. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani kama 230,000, na sehemu kubwa ya singa hizo ikaishia kufungia miganda na marobota. Majani, alisema baba.

Wenye viwanda kule Marekani walichoka kupigana. Mashindano ya mawakala yalikuwa yanakula faida yote: kijiji kimoja wakala watano, kila mmoja anamnunulia mkulima chakula cha mchana. Mwaka 1902 McCormick, Deering na wengine watatu wakaungana kuwa International Harvester, wakashika sehemu kubwa kabisa ya soko la mashine za kuvunia. Mawakala wengi hawakuhitajika tena. Nimeitafuta hotuba ya kuwaaga, sijaiona.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naomba maswali.

Yaliulizwa mengi, karibu yote ya mikopo na riba, mengine niliyajibu nje kwenye chai. Nitaandika moja tu. Binti mmoja aliyekaa nyuma aliuliza: "Mzee, yule baba wa mkanda uliokatika, alirudi tena kwako?"

Nikamwambia alirudi. Ulipofika mkanda alikuja akauchukua, akalipa, akashukuru. Mashine yake iliyofuata aliinunua duka la ng'ambo ya barabara.